Tivi bila eriel hapa Migosi

Kwa ploti yetu hapa Migosi hakuna eriel hata moja juu ya paa, na si ati watu hawapendi tivi. Landlodi alipiga marufuku. Kila mpangaji alikuwa anapanda na fundi wake, wanakanyaga mabati, misumari inalegea, halafu ile mvua ya Kisumu ya jioni ikishuka wale wa juu kabisa wanaanza kutega ndoo sebuleni. Sai mlango wa kwenda juu una kufuli na ufunguo anao keretaka peke yake, ukimuuliza anakujibu, "Bosi, huko juu ni tenki ya maji tu." Mjadala umeisha.

Zile eriel ndogo za ndani watu wamejaribu sana. Shida ni kwamba tumefinywa katikati ya ghorofa zingine mbili, ukuta ni zege na nondo pande zote, mawimbi yakifika kwa dirisha yashachoka. Na dijitali haina huruma. Enzi za analojia ungevumilia chenga, sura huioni vizuri lakini habari unazisikia. Tangu analojia izimwe 2015 ni moja kati ya mawili, ama picha safi kabisa ama inakatika vipande vipande kisha skrini inakuwa nyeusi na kukuambia hakuna mawimbi. (Wenye kumbukumbu wanajua ile Februari 2015 vile Citizen, NTV na KTN zilipotea hewani karibu wiki tatu wakivutana na serikali juu ya nani atasambaza mawimbi ya dijitali, na watu wakarudi KBC wapende wasipende.)

Kwa hivyo tivi yangu inaishi kwa faiba, ile intaneti ya waya inayoingia mpaka kwa nyumba. Na niseme ukweli, kwa mtu anayekaa peke yake hii kitu iko sawa kabisa. Citizen, NTV, KTN News, KBC, zote ziko laivu YouTube, hulipii stesheni, unalipia tu ile intaneti ambayo ungelipia hata hivyo. Watu huogopa bure ati lazima uwe na faiba ya kutisha. YouTube wenyewe wanasema picha safi ya kawaida, ile ya 720p, inataka kasi ya kama Mbps 2.5, ya 1080p ni 5, ni mpaka ufike 4K, ile kali kabisa, ndio unaambiwa 20. Sasa taarifa ya habari ya nini kwa 4K? Unataka kuhesabu nywele za waziri? Pakeji ya chini kabisa ya faiba inabeba tivi na bado simu za nyumba nzima zinapata kitu.

Kwa bando ya simu ndio sikushauri. Mbps 5 kwa saa nzima ni GB 2 na robo, yaani ukiwasha taarifa ya saa moja ukaendelea na drama mpaka saa tatu ushamaliza kama GB 4 na nusu na hata usingizi haujafika.

Kile huwasumbua wengi si faiba, ni waifai. Kwa ploti kama yetu kila nyumba iko na rauta, zote zinapigiana kelele kwa ile bendi ya waifai ya GHz 2.4, na ukienda kwa bendi ya GHz 5 ni kasi sana lakini ukuta wa zege inauogopa, ukiweka rauta chumbani na tivi iko sebuleni utakaa ukitazama kaduara kakizunguka. Dawa ni waya. Tivi nyingi ziko na tundu la kebo ya intaneti huko nyuma na hakuna mtu hulitumia, vuta kebo kutoka rauta mpaka kwa tivi, ipitishe chini ya kapeti, kwisha. Halafu usimpigie mtu wa kastoma kea simu kabla hujajaribu hivyo, atakuambia uzime uwashe na hiyo hata mtoto anajua.

Lakini kuna mambo mawili ambayo hakuna kebo itayatibu.

La kwanza ni kuchelewa. Mawimbi ya eriel yanatoka kwa mlingoti yanaingia kwa king'amuzi chako na picha inatoka, ni kitu ya sekunde chache. Strimu hapana. Stesheni inachukua picha inaibana, inaituma YouTube, huko inakatwakatwa vipande vya sekunde kadhaa na kila kipande kinatengenezwa kwa saizi tofauti tofauti ili wewe wa bando na mimi wa faiba kila mtu apate yake, halafu tivi yako nayo inaweka akiba ya vipande kadhaa kwanza ndio ianze kuonyesha, ndio mtandao ukiyumba usikatikiwe. Akiba juu ya akiba. Ukijumlisha unaweza kuwa nyuma nusu dakika ama zaidi, na habari hazijali, bei ya mafuta itapanda tu hata ukichelewa. Mpira ndio unajali.

Agosti 2025, CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Kenya na Morocco kule Kasarani. Mimi niko na strimu ya apu fulani, picha safi kama maji ya chupa, na mpira kwangu bado uko katikati ya uwanja, mtaa mzima ukalipuka. Sufuria zinapigwa, bodaboda wanabonyeza honi, mtu wa chini anarukaruka mpaka dirisha langu linatetemeka. Nikajua ni goli na nikajua ni letu manake Kisumu haipigii Morocco sufuria, halafu nikakaa hapo nikingojea kuonyeshwa kitu ambacho nishakijua. Ogam alipofunga kwangu hata sikusimama. Mchezaji mmoja alipewa kadi nyekundu na tukashikilia hiyo 1-0 na watu kumi mpaka mwisho, na kila nikiona Morocco wanakaribia boksi nilikuwa nasikiliza mtaa kwanza, mtaa ukinyamaza najua hatujafungwa. Yaani kipindi cha pili nilikitazama kwa masikio.

Na hapo ulikuwa na bahati strimu ipo. Mara nyingi stesheni iko na haki ya kuonyesha mechi hewani tu, sio kwa intaneti, so dakika ya kwanza tu strimu inawekewa bango na muziki, wa eriel wanaendelea, wewe unasoma tangazo.

La pili ni Mama. Alikuja kutoka Bondo kwa kliniki akakaa kwangu siku kadhaa, na kwake tivi ni kitu rahisi, unabonyeza namba. Kwake kijijini ana katv kadogo ka sola, eriel imefungwa kwa mti mrefu hapo nyuma ya jikoni, na stesheni anazijua kwa namba vile anajua watoto wake.

"Nyathina, Ramogi ni namba ngapi hapa?"

"Haina namba Mama, unaitafuta."

"Stesheni gani haina namba?"

Nikamwekea Ramogi TV kisha nikaenda kazini. Ukiacha hiyo strimu ikatike kidogo tu, ama mtu aguse rimoti vibaya, inarudi kwa ukurasa wa YouTube umejaa mahubiri, mieleka na mtu anapika chapati, na kurudi kwa stesheni lazima uandike jina herufi moja moja kwa rimoti. Mama hana miwani ya hiyo kazi. Tena kuna wale matapeli wanaweka taarifa ya kitambo wanaandika LAIVU kubwa nyekundu. Nikarudi jioni nikapata amekaa na moja ya hizo, ametulia, akaniuliza, "Kwani huyu waziri walimrudisha?" Hawakumrudisha. Ilikuwa video ya kabla afutwe.

Hapo ndio niliona hii tivi ya faiba ni ya mtu mmoja aliye na macho mazuri na subira. Nyumba iliyo na mzee, ama mtoto mdogo, ama dada wa kazi anayetaka tu kuona drama akipiga pasi, inataka tivi inayowaka na kuongea yenyewe bila kumwita fundi, na fundi ni wewe. Vijana mtaniambia ati kuna apu za kupanga stesheni kwa namba, naam ziko, nyingi zinaiba mawimbi ya wenyewe na zinajaa matangazo ya kamari, siwezi mwekea mzazi hiyo.

Halafu stima ikapotea usiku mmoja, rauta ikalala, tivi ikalala, Mama akapiga simu Bondo kuuliza habari za saa moja zimesema nini. Wako na sola. Walikuwa wanatazama.

Kwa hivyo sai tuko na mpango na wapangaji wenzangu. Hatuhitaji eriel kumi na mbili juu ya mabati ya mtu. Eriel moja ya UHF inatosha ploti nzima, inafungwa kwa mlingoti wa chuma kwa ukuta wa tenki bila kugusa bati hata moja, inaingia kwa busta ya kuongeza nguvu ya mawimbi, kisha spliti ya kuyagawa, na kebo moja inashuka kwa kila nyumba. Hizi tivi mpya nyingi zina king'amuzi ndani, unachomeka kebo unatafuta stesheni umemaliza. Fundi mmoja wa Kibuye ametupigia hesabu na tukigawana si pesa ya kugombania. Landlodi hajakataa, amesema aone kwanza huo mlingoti unakaa wapi.

Tumekwama kwa busta. Inataka stima saa ishirini na nne, kidogo tu, lakini tokeni za nani? Wa chini anasema yeye hutazama kwa simu hachangi hata shilingi, wa juu anasema busta ikiwa karibu na mlango wake si maana ni yake, keretaka naye anasema taa za ngazi ziko kwa mita ya landlodi na hataki kuulizwa maswali mwisho wa mwezi.