Mayai na viazi vya kukaanga, siku ya kutoka handakini

Ninauza chakula Birere, hapa Goma: fufu na sombe mchana, viazi vya kukaanga na mayai jioni. Kwa hiyo Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, mimi navisoma kwa jicho la mpishi. Wateja wangu, hasa wababa, wakifika kwenye vita hivyo watakutajia mizinga, gesi ya sumu na majenerali. Waulize askari kijana alikula nini siku alipotolewa handakini, uone wanavyorudi kwenye sahani zao.

Maana hakuna aliyekaa handakini mwaka mzima. Kwa Waingereza vikosi vilipokezana: siku chache mbele kabisa, siku chache mahandaki ya nyuma yake, halafu akiba, mwisho vijiji vya Ubelgiji na Ufaransa ambavyo bado vilikuwa na wenyeji. Huko ndiko kulikoitwa mapumziko. Mapumziko gani! Mchana gwaride na kusugua vifungo, usiku kubeba waya wa miiba na mbao kupeleka kulekule walikotoka.

Kwanza waliogeshwa. Viwanda vya pombe viligeuzwa mabafu, wanaume wakaingia kwa makundi kwenye mapipa makubwa ya kuchachushia bia, huku mishono ya nguo zao ikipigwa pasi kuua mayai ya chawa. Kazi ya kufua mara nyingi ilifanywa na wanawake wa palepale. Mayai yaliyopona pasi yaliangukia joto la mwili, yakaanguliwa, na mtu akaanza kujikuna upya.

Kisha tumbo. Mama ambaye mume wake alikuwa vitani alipanga meza chache sebuleni, akawasha jiko, akauza mayai na viazi vya kukaanga, kahawa, bia nyepesi na divai nyeupe. Nyumba hizo ziliitwa estaminet. Wewe sema malewa, vibanda vyetu vya chakula. Mbona mayai? Jeshi liliwalisha nyama ya kopo na biskuti ngumu kama tofali. Yai linapasuliwa mbele yako, huwezi kudanganywa. Na viazi vilikuwa vya mashamba ya hapohapo.

Askari wa kawaida wa Uingereza alianza na shilingi moja kwa siku. Mwaustralia alipata sita. Ningekuwa mimi mwenye meza zile, lafudhi ya Australia ningeitambua tangu njiani.

Mji wa Poperinge, Ubelgiji, karibu kilomita 12 kutoka mapigano ya Ypres, uliishi kwa biashara hiyo. Maofisa walikuwa na mikahawa yao. Mmoja ulivuma kwa sababu ya binti wa mwenye nyumba, mwenye nywele nyekundu, waliyembandika jina la Ginger. Lakini nyumba ninayoipenda ni Talbot House, iliyofunguliwa Desemba 1915 na kasisi wa jeshi, Philip Clayton. Humo cheo kiliachwa mlangoni. Kulikuwa na chai, bustani, na vitabu vya kuazima: unaacha kofia yako, unachukua kitabu. Dhamana safi kabisa. Mimi wateja wa mkopo sijui niwavue nini.

Na huku kwetu? Mstari wa vita ulipita hapahapa, Kivu na Ruzizi. Wajerumani walikuwa Gisenyi, wakakiteka kisiwa cha Idjwi Septemba 1914. Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ikakaa upande huu hadi Aprili 1916, ilipoanza safari iliyofika Tabora mwezi wa Septemba. Hakukuwa na estaminet. Askari waliandamana na wake zao, na wake hao ndio waliochota maji, wakatwanga, wakapika, wakahama kambi inapohama. Unga nao ulifika kichwani mwa wapagazi. Ginger tunamjua hadi rangi ya nywele; wa kwetu, hata chungu chao sikijui kilikuwa na nini.

Kama bibi yako wa Sake, Idjwi au Bukavu aliwahi kusimulia walipika nini kambini, niandikie hapa chini. Mimi naweka dau kwa maharage.