Siku Moja Maishani Mwangu: Leo Navuna Mbegu

Saa 11 na nusu alfajiri nimeshaswali. Bado giza, natoka uani na tochi kabla sijateka hata ndoo moja. Ni mwisho wa Januari, kaskazi inavuma kavu, na hapa kwetu Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, hakuna wakati mzuri zaidi wa kukausha mbegu. Masika yakiingia Machi au Aprili nataka kila kitu kiwe tayari. Kwa hiyo leo sichumi mboga za kupeleka soko.

Naanza na maboga, na lazima niwahi kabla ya nyuki. Jana magharibi niliyafunga kwa uzi maua manne yaliyokuwa karibu kuchanua. La kike unalijua kwa kiboga kidogo kilichoko chini yake. La kiume lina kikonyo kirefu chembamba tu. Sasa nalikata la kiume, nalivua petali zake, na ule unga wa manjano naupaka ndani ya la kike taratibu, kisha nalifunga tena. Kwenye kikonyo natundika kipande cha leso chekundu. Kazi yote hii ni kwa sababu jirani wa upande wa pili amepanda boga la aina nyingine. Nyuki akitoka kwake akaingia kwangu, boga litakalozaliwa litakuwa zuri na tamu kama kawaida, lakini mbegu zake zitakuwa zimechanganyika, na mwakani sitajua nimepanda nini.

Saa 1 ni chai, watoto waende shule, na kumwagilia. Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo, na kiangazi kikikaza chumvi inazidi. Nalitaja hilo kwa sababu lina maana kwa mbegu: mche uliovumilia maji haya mpaka ukazaa vizuri ndio ninaoutaka.

Saa 2, kabla jua halijapanda, nakata masuke ya mchicha. Asubuhi bado yana unyevu wa umande, hayapukutiki. Ukingoja mchana, nusu ya mbegu zinabaki ardhini. Natandika leso kuukuu, nalaza masuke juu yake, nayasugua kwa viganja. Mbegu za mchicha ni nyeusi, zinang'aa, ndogo hata zinaingia kwenye mistari ya mkono wangu na inabidi nizipanguse moja moja.

Hapa ndipo mavyaa wangu, mama wa mume wangu, aliponifundisha jambo ambalo sitalisahau. Mwaka wa kwanza nilipoolewa nilikimbilia kuchukua mbegu kwenye miche iliyotoa maua mapema, maana ndiyo iliyokauka kwanza. Akanishika mkono. "Mwanangu, hiyo uliyoishika imekimbilia kuzaa. Ukiipanda, mchicha wako wote utakuwa na haraka hiyo hiyo, huli majani wiki tatu." Tangu siku hiyo miche yenye haraka naing'oa tukaila. Naacha ile inayochelewa, yenye majani mapana, niliyochuma nikachuma tena na bado inatoa.

Bamia nazo, mabenda kama tunavyoyaita hapa, nimeuachia mche mmoja tangu Desemba. Ni mche mfupi, ulizaa wa kwanza na haukuugua. Nimefunga utepe, na watoto wanajua haukatwi kitu. Wiki iliyopita tulipata wageni na sufuria ilikuwa nyepesi. Mwanangu wa pili akaniuliza, "Mama, si pale pana mabenda makubwa kabisa?" Nikapika kisamvu. Leo yale mabenda yamekauka, yamepasuka kwenye mbavu zake, ukiyatikisa yanalia kama kayamba. Nimeyachuma kwa kitambaa maana manyoya yake yanawasha.

Saa 4, nyanya. Hizi ni zile ndogo za kienyeji, zenye mikunjo, nilizopewa na mama mmoja wa Kakuyuni. Nilizikamua juzi, mbegu na maji yake pamoja, nikaziacha kikombeni kivulini. Sasa juu pana utando na harufu ya kuchacha, na ndivyo inavyotakiwa. Kila mbegu ya nyanya imevikwa ute unaoizuia kuota, na ule uchachu ndio unaoula ute huo. Lakini usizidishe siku tatu kwenye joto letu, zitaanza kuota humo humo. Namimina maji, nakoroga, namwaga zinazoelea. Nzuri zimezama chini. Nazitandaza kwenye sahani ya kigae. Kwenye karatasi zinaganda, huzibandui tena.

Niseme wazi, si kila nyanya ya kuwekewa mbegu. Mwaka juzi nilikamua nyanya zilizotokana na pakiti ya dukani iliyoandikwa F1. Ile ni chotara, mtoto wa wazazi wawili tofauti. Nilipopanda mbegu zake nilipata kila namna: nyingine ndefu, nyingine chungu, nyingine hazikuzaa kabisa. Tuta zima likapotea. Mahindi vile vile. Pwani Hybrid, mahindi chotara ya dukani, inazaa vizuri, lakini mbegu yake unainunua upya kila msimu. Ndiyo maana mavyaa bado ana mdzihana wake, mahindi ya kienyeji, umening'inia juu ya mafiga tangu Agosti, umekuwa mweusi kwa moshi. Anachagua mahindi ambayo maganda yake yamefunika mpaka ncha, fukusi hapati pa kuingilia, na akipukuchua anachukua punje za katikati tu.

Saa 6 jirani yangu anabisha hodi na kunde zake nyekundu ndani ya kibuyu, anataka mchicha wangu. Tunapimiana kwa kikombe, tunakaa chini ya mwarobaini, anakunywa maji. Jambo hili la kupeana mbegu uani, lililofanywa na mama zetu na bibi zetu, kwa miaka lilikuwa na hofu ndani yake. Sheria ya mbegu ilikuwa na adhabu ya hadi shilingi milioni 1 au miaka 2 jela kwa anayeuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikavibatilisha vifungu hivyo. Siku niliposikia habari hiyo redioni nilikaa chini. Nimemwambia jirani leo, naye akashika kibuyu chake kwa mikono miwili bila kusema kitu.

Mchana joto ni kali, sigusi bustani. Ninachofanya ni kuhamisha sahani na leso kufuata kivuli. Nimeona watu wakianika mbegu juu ya bati saa 7 mchana. Bati la Malindi saa hiyo huwezi kuliwekea kiganja, na mbegu ni kitu kilicho hai.

Saa 10 napura kunde zangu mwenyewe, napepeta kwa uteo, naokota zilizotobolewa. Majivu nimeshayachekecha, kikombe cha majivu kwa kikombe cha kunde. Nimekaanga mchele kidogo mpaka ukawa wa kahawia, nimeufunga kwenye kitambaa ili uvute unyevu ndani ya chupa. Mwaka jana sikungoja zikauke. Nilizitia kunde kwenye chupa ya plastiki, nikakaza kifuniko, na Machi nilipofungua zilitoka na ukungu, zimegandamana. Zilikuwa kunde za marehemu bibi yangu. Nilibakiwa na ngumi moja tu, zile nilizokuwa nimempa dada yangu wa Mambrui, akanirudishia. Hizi ninazopepeta leo ni watoto wa ngumi ile.

Magharibi mavyaa anatoka chumbani na kiti chake. Chupa za kioo ziko safi, vikaratasi nimeviandika jina na mwezi. Anaingiza mkono kwenye uteo, anachukua punje moja, anaiweka kati ya meno na kuibana. Punje iliyokauka inakatika kwa mlio. Nasubiri.

Anaitoa, ananionesha alama ya jino, imebonyea tu.

"Bado, mwanangu. Siku tatu tena."

"Ndiyo, Mama."

Nazimimina zote kwenye leso, nazitandaza tena kwa kiganja.