Injini ya mashua ikichemka, usikimbilie kuongeza mirija

Injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya mashua ikianza kuchemka, ushauri unaopatikana haraka gatini Lamu ni kutia kibadilishajoto kikubwa zaidi, yaani lile furushi la mirija ambamo maji ya bahari hupoza maji ya injini. Mara nyingi hizo ni pesa zinazopotea bure. Eneo la mirija lina kazi yake, ila lina mipaka, na mipaka hiyo inapigika hesabu kwa kikokotoo cha simu.

Joto linalopita ni uwezo wa kupitisha, mara eneo, mara wastani wa tofauti ya joto kati ya maji ya injini na maji ya bahari. Chukua injini inayotoa kilowati 30 kwenye maji yake. Maji ya injini yanaingia kwenye kibadilishajoto yakiwa na 85 °C na kutoka na 75. Bahari inaingia na 28 na kutoka na 40. Maji yakipita yakielekeana, tofauti ni 45 mwisho mmoja na 47 mwisho wa pili, wastani 46. Uwezo wa mirija safi tuuweke wati 1,000 kwa mita ya mraba kwa kila digrii. Wati 30,000 ukigawa kwa 46,000 (yaani 1,000 mara 46) unapata mita za mraba 0.65, yaani mirija 41 hivi yenye kipenyo cha nje cha milimita 10 na urefu wa nusu mita. Maji ya bahari yanayohitajika ni lita 37 hivi kwa dakika.

Sasa zidisha eneo mara mbili bila kugusa pampu. Hupati kilowati 60. Maji yakiingia kwa joto lilelile, 85 na 28, unapata kama 50. Ukizidisha mara nne, kama 76. Kadiri bahari inavyopata joto ndani ya mirija ndivyo tofauti inavyopungua, na eneo unaloongeza linakuta kazi imeshapungua. Na hapo hesabu imekuhurumia, maana uwezo haukuguswa. Mirija ikiongezwa sambamba, maji ni yaleyale ila yamegawanyika: mwendo kwenye kila mrija unashuka nusu, na upande wa bahari unabaki na takriban asilimia 57 ya nguvu yake ya kupokea joto. Bora mirija mirefu kuliko mirija mingi, kama chumba cha injini kinaruhusu.

Mwendo mdogo una ubaya mwingine. Kwa mirija ya kupronikeli (mchanganyiko wa shaba na nikeli), mita 1 hadi 2 kwa sekunde ni mwendo mzuri. Ukishuka sana, tope linatua ndani, na anayepita Mkanda, ule mlango wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa haba, kwenye tope la mikoko, anajua pampu yake inanyonya nini. Malindi, mto Sabaki ukifurika, ni hivyohivyo.

Kisha ukoko. Ukoko wa chokaa wa milimita 1 unazuia joto kama mara 25 kuliko ukuta wa kupronikeli wa unene huohuo, kwa hiyo ubishi wa metali gani inapitisha joto vizuri zaidi hauna maana ikiwa mirija haijafunguliwa miaka. Katika mfano wetu, milimita hiyo moja inashusha uwezo kutoka 1,000 hadi 667. Eneo lipo, mirija yote ipo, lakini injini sasa inahitaji tofauti ya digrii 69 badala ya 46 ili kutoa kilowati zilezile. Yale 85 yanakuwa 108. Ongeza na majira: mwisho wa kaskazi bahari ina 29 au 30, Agosti ina 25 hivi. Hizo digrii 5 ni sawa na kuziba mirija minne kati ya 41, ndiyo maana injini iliyovumilia kusi yote inachemka Machi.

Kabla ya kununua chochote, pima joto la maji ya bahari yanapoingia na yanapotoka, injini ikiwa na mzigo. Injini inachemka na tofauti ya kuingia na kutoka bado ni 12, kama kwenye mfano wetu? Maji yanatosha, uso wa mirija ndio umefungwa. Tofauti imefika 24? Maji yamepungua nusu: angalia chujio, impela (gurudumu la mapezi ndani ya pampu) na mpira wa kunyonya. Ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 33 hivi, kwa mzunguko wa kazi. Usiache maji yatoke na zaidi ya 50 °C, ukoko hujijenga haraka hapo.

Kusafisha: fungua vifuniko vya pande zote mbili, pitisha ufito wa mti kila mrija, usitumie chuma. Loweka kwenye asidi ya ndimu ya unga, gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji matamu, mpaka mapovu yaishe, kisha suuza sana. Sehemu za aluminiamu zisiguse asidi. Rudisha kwa gasketi na oringi (pete za mpira) mpya. Mrija unaovuja unaweza kuzibwa pande zote mbili. Ikizidi asilimia 10 ya mirija, badilisha furushi zima.

Zinki, kile kipande kinachowekwa ili kutu ikile chenyewe badala ya mirija, ibadilishwe ikiliwa nusu. Ukichomoa na kukuta imekatika, kitafute kile kipande ndani ya kifuniko kabla hujafunga, maana hakiyeyuki upesi na kinakaa kwenye midomo ya mirija.