Peleti za paini, za mlingoti au za pumba za mpunga: cha kutazama kabla ya kununua

Watu wa Njombe na Makete wanaotafuta namna ya kuota moto bila mkaa, wakisikia habari za peleti za mbao, yaani vipande vidogo vya unga wa mti ulioshindiliwa, huuliza kwanza ni za mti gani. Kwa aliyekulia kwenye kuni swali hilo ni la haki, kwa kuwa mwati huwaka taratibu na kuacha makaa ya kudumu, ilhali paini huwaka kwa fujo na kuisha upesi. Lakini mti ukishasagwa kuwa unga, ukakaushwa na kushindiliwa kupitia matundu ya milimita 6 au 8, sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupotea, na kilo moja ya mti mkavu hutoa joto linalokaribiana sana, uwe mgumu au laini. Paini hata huongoza kidogo, kwa sababu ya utomvu wake na wingi wa lignini, gundi ya asili ya mti ambayo hulainika kwa joto la mashine na kuishikamanisha peleti.

Mambo ya kupima ni majivu na unyevu. Kiwango cha ENplus, kinachofuatwa na wauzaji wengi wa Ulaya, kinataka peleti za daraja la A1 zisizidi asilimia 0.7 ya majivu na asilimia 10 ya unyevu, na kila kilo itoe joto lisilopungua kilowati-saa 4.6; daraja la B huruhusiwa majivu hadi asilimia 2. Tofauti hizi huonekana ndogo mpaka uzihesabu kwa mfuko. Mfuko wa kilo 15 wa daraja la A1 huacha majivu yasiyozidi gramu 105, kiasi cha kuzoa kwa mkono, wakati mfuko kama huo wa peleti za pumba za mpunga, ambazo huko Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, haziwezi kukosa malighafi, huacha kilo 2 na zaidi. Tena majivu ya pumba yamejaa silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, hivyo hayaporomoki kuwa vumbi bali hubaki na umbo lake, yakajaza chungu cha kuwakia na kuziba matundu ya hewa. Kwa tanuri la kiwanda lenye mtu wa kulisafisha zinafaa. Kwa jiko dogo la sebuleni, mimi sizishauri.

Kwa upande wa miti yetu, chanzo cha maranda ya kutengenezea peleti kina uzito kuliko jina la mti. Mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia mbao, hupasua magogo yaliyoburutwa ardhini, mabichi, yakiwa na magome yaliyoshika udongo, na vumbi la msumeno huangukia chini na kuzolewa kwa koleo pamoja na mchanga. Maranda hayo yana maji mengi, pengine nusu ya uzito wake, na mchanga wake huongeza majivu na kula mashine ya kushindilia. Maranda ya karakana za kuranda mbao kavu, kama zile za Mafinga, ni bora mara nyingi. Angalizo moja halina mjadala: mabaki ya nguzo za milingoti (mikaratusi) zilizotiwa dawa ya shaba, kromi na arseniki yasiingie kwenye peleti wala kwenye jiko lolote, kwa kuwa sumu hiyo hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu.

Mnunuzi anaweza kujipimia nyumbani. Peleti njema ina ngozi inayong'aa, hukatika kwa mlio, na ikitiwa kwenye glasi ya maji huzama, kisha huvimba na kusambaratika baada ya muda mfupi. Tazama pia chini ya mfuko: vumbi jingi ni dalili ya peleti dhaifu au iliyopigwa na unyevu, jambo la kuangaliwa sana hapa kwetu kuanzia Novemba hadi Aprili. Mifuko ikae juu ya mabanzi, mbali na sakafu na ukuta.

Kuhusu bei, kilo ya mkaa mzuri ina nishati ya megajuli 28 hadi 30, na ya peleti takriban 17, kwa hiyo peleti ikiuzwa zaidi ya sehemu 6 kwa 10 ya bei ya mkaa kwa kilo, haina nafuu ya mfukoni. Hata hivyo jiko la mkaa lililoingizwa chumbani hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu, inayoua watu usingizini, na jiko la peleti lenye dohani hutoa hewa hiyo nje. Kwangu dohani hiyo ina thamani ya kulipiwa.

Majiko mengi ya Ulaya huhitaji umeme wa kuzungusha mota ya kulisha peleti na feni. Panapokatika umeme mara kwa mara ningechagua jiko ambalo peleti hushuka zenyewe kwa uzito wake, na hilo ndilo linalodai zaidi peleti ngumu zisizo na vumbi, kwa kuwa hakuna mota ya kusukuma zilizokwama.