Nilivyojifunza kuvua walleye chini ya barafu, Ziwa Winnipeg

Kwenye Ziwa Winnipeg, mkoani Manitoba, Kanada, wakati wa baridi, kelele humleta samaki, ila anayempata ni mvuvi aliyetulia. Nilianza kupata samaki pale nilipoacha kuichezesha fimbo ya kuvulia bila kupumzika.

Kusini mwa ziwa, upande wa Gimli, maji yana tope linaloletwa na Mto Red. Walleye, samaki ninayemfuata, ambaye watu wa Manitoba humwita pickerel, huona vizuri gizani kwa sababu nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga. Lakini tope ni tope. Ndiyo maana wengi huku hufunga chambo bandia chenye gololi ndani; ukikivuta kwa nguvu kinalia kama kayamba.

Kwanza barafu. Natoboa na kupima kila ninaposogea. Sentimita 10 za barafu safi na ngumu humbeba mtu anayetembea; nikiwa na gari dogo nataka 30 au zaidi. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji siiamini hata kidogo.

Sheria ya Manitoba inaruhusu mishipi miwili wakati huu, na ndoana zisiwe na kijino, yaani kile kincha cha nyuma kinachomzuia samaki kuchomoka. Kwenye tundu la kwanza nashusha chambo mpaka kiguse chini, nakipandisha nusu mita hivi, navuta mara tatu nne, kisha nasimama kabisa. Tundu la pili lina dagaa wa kugandishwa na chubwi ndogo, fimbo imelazwa juu ya ndoo, haiguswi. Mara nyingi samaki huitwa na lile la kwanza akaja kula la pili. Sina ugomvi naye.

Sisi tuliozoea sangara hungoja mshipi unyakuliwe. Walleye hana fujo hizo. Ncha ya fimbo huinama taratibu ikabaki hivyo, au hunyooka ghafla kwa sababu ameinua chambo na chubwi yake. Hapo nainua mkono bila papara, na mshipi usilegee, maana ndoana isiyo na kijino huchomoka upesi.

Saa nzuri ni jua linapoelekea kuzama, na ndipo baridi inapozidi. Pete za fimbo huziba kwa barafu. Nazisugua kwa vidole vitupu, hakuna namna.

Wa kiasi nawakaanga kwa chumvi na limau. Wakubwa nawarudisha majini haraka, kabla macho na matamvua hayajaganda.