Siku Moja Maishani Mwangu: Bafu la Babu kwenye Nyumba ya Magogo

Saa 11 na nusu alfajiri

Baridi ya Mafinga, mkoani Iringa, mwezi wa saba huijui mpaka ushike koki ya nje alfajiri. Nimebandika chai, na kabla haijachemka nimeshakagua mfuko wa kazi: msumeno wa chuma, tupa, msasa, futi, pima maji, spana mbili, tepu ya kuzungushia nyuzi, kopo la gundi ya PVC na ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Siendi kazini bila huo mpira. Pima maji ya mkono inakuambia usawa wa kitu chenye urefu wa mkono wako. Ukitaka kujua usawa wa kitu kilicho mita 12 mbali, jaza maji kwenye mpira. Maji hayadanganyi.

Mimi ni fundi bomba, mwaka wa tisa sasa tangu nimalize chuo cha ufundi cha VETA. Leo ni siku ya nne ya kazi moja ambayo nimeipenda kuliko nyingi nilizofanya mwaka huu, nikaona niiandike saa kwa saa.

Saa 1 na robo asubuhi

Bodaboda ananishusha getini. Ukungu bado umelala juu ya misindano, na majani ya bustanini yamelowa kana kwamba mvua imenyesha.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mama. Mmeamkaje?"

Huyu mama ni mwalimu mstaafu. Mwaka jana alimjengea baba yake nyumba ya magogo nyuma ya nyumba kubwa, kwa miti ya shamba lao wenyewe. Ni nyumba nzuri kweli: mita 4 kwa 5, imesimama juu ya nguzo za matofali, sakafu iko kama sentimita 60 kutoka ardhini, na ukiingia harufu ya utomvu inakupokea. Kilichokosekana ni choo. Usiku Babu huvaa koti, hushika fimbo na tochi, hutembea hatua 46 mpaka choo cha shimo kilicho nyuma ya miparachichi. Hizo hatua amezihesabu mwenyewe. Mwezi wa tano aliteleza kwenye umande. Mfupa haukuvunjika, lakini kesho yake asubuhi simu yangu iliita.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo choo kinakaa?"

"Leo tunaweka njia yake, Babu. Chenyewe kitakaa ijumaa."

Anaitikia kwa kichwa, lakini naona jibu halikumfurahisha.

Saa 2 asubuhi

Nieleze kwanza tulipofikia. Siku tatu zilizopita mimi, kijana wangu wa kazi na seremala tulikata sakafu ya mbao kwenye kona moja, mita 1 na nusu kwa 2. Chini yake tukainua kuta fupi za matofali kutoka ardhini na kumwaga zege juu. Kwa hiyo bafu lina sakafu yake inayosimama kwa miguu yake, haijaegemea boriti za nyumba wala haijashikana na magogo. Kuna pengo la vidole viwili pande zote. Watu wengi huniuliza kwa nini nisiweke tu marini bodi, zile mbao za tabaka zinazostahimili maji, juu ya boriti na marumaru juu yake. Inawezekana, na nimewahi kuifanya nyumba ikiwa ndogo na mwenye nyumba ni kijana. Lakini boriti zikicheza kidogo tu, marumaru inapasuka kwenye mishono, maji yanapita, na mbao inaanza kuoza pale ambapo hakuna anayeiona. Miaka mitatu baadaye mguu unazama. Sitaki uwe mguu wa Babu.

Leo ni mabomba ya maji taka. Chemba ya karibu ya nyumba kubwa, lile shimo dogo la ukaguzi ambamo mabomba ya maji taka hukutana, iko mita 12 kutoka hapa. Nataka mteremko wa sentimita 2 na nusu kwa kila mita, yaani sentimita 30 kwa njia nzima. Bomba linapoingia kwenye chemba liko sentimita 55 chini ya ardhi, kwa hiyo hapa kwenye nyumba linatakiwa kuanzia sentimita 25. Tunapima kwa mpira, kijana ameshika upande wa chemba, mimi upande huu. Ardhi inaonekana tambarare kwa macho, kumbe imeinuka sentimita 8 katikati. Tunaongeza kina pale, sululu na chepeo.

Mteremko ukiwa mdogo uchafu unabaki njiani. Ukiwa mkali mno maji yanakimbia na kuuacha nyuma. Nimezibua mitaro mingi ya watu kujua kwamba hii si nadharia ya darasani.

Naanza kuunga. Bomba la inchi 4 la choo, likishuka kutoka kwenye zege. Pale chini linapogeukia mlalo situmii elibo, yaani kiungo cha kona, moja ya nyuzi 90. Natumia mbili za nyuzi 45 ili mkunjo uwe mpole. Kisha wai, kiungo chenye umbo la herufi Y, ya kupokea maji ya kuogea na ya sinki, kisha safari ya kwenda chemba.

Saa 4 asubuhi

Chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Seremala amefika na wazo. Bomba la sinki la kunawia linatakiwa lipite chini ya sakafu ya chumba, na boriti ya inchi 2 kwa 6 imekaa njiani. Anataka kuichonga chini ili bomba likae ndani, lisionekane.

"Fundi, ukichonga chini katikati ya boriti, umeikata nguvu yake yote," namwambia.

"Ni inchi moja na nusu tu, dada."

Tunaenda kuangalia pamoja, tumejilaza kwenye udongo. Boriti inabeba mzigo kwa tumbo lake la chini, ndilo linalovutika. Kama ni lazima, unatoboa tundu la duara katikati ya kimo, lisizidi robo yake, wala halikaribii kingo. Lakini hapa hakuna lazima. Nyumba imeinuliwa, nafasi ipo. Nalining'iniza bomba chini ya boriti kwa vishikio, likiteremka taratibu. Litaonekana kwa atakayeinama kuchungulia uvungu. Seremala anakubali, na kwa haki yake, ni yeye aliyenikumbusha nitie vishikio viwili zaidi.

Saa 5 na nusu

Bomba la hewa. Watu hulikata kwenye bajeti mapema kuliko kitu chochote, kisha wanalalamika bafu linanuka. Maji mengi yakishuka kwa pamoja yanavuta hewa nyuma yake. Kama hewa haina pa kuingilia, yanafyonza yale maji kidogo yanayokaa kwenye mkunjo chini ya sinki na sakafu ya kuogea. Yale maji ndiyo mlango wa kuzuia harufu. Yakiondoka, shimo zima la maji taka linapumulia ndani ya nyumba.

Kwenye nyumba ya tofali ningelipandisha bila kufikiri. Kwenye magogo kuna jambo. Mti mbichi ukikauka unasinyaa, na ukuta wa magogo yaliyolala unashuka, kwa makadirio yetu sentimita kadhaa katika miaka ya mwanzo. Seremala aliacha nafasi juu ya fremu ya mlango, akaijaza sufi. Mwaka umepita, na ukipima leo imeshashuka karibu sentimita 3. Bomba halishuki pamoja na ukuta. Ukilibana kwa nguvu, ama vishikio vinang'oka ama bomba linapinda na kuachia kwenye maungio. Kwa hiyo nalipitisha nje ya ukuta, kwa vishikio vilegevu vinavyoacha magogo yateleze, mpaka juu ya ukingo wa paa. Sikutoboa bati hata tundu moja.

Saa 6 mchana

Jaribio. Tunaziba mwisho wa bomba kule chemba kwa kizibo cha mpira, tunaziba na mabomba ya pembeni, kisha tunajaza maji kupitia bomba la choo. Ndoo sita za lita 20, na ya saba nusu, mpaka maji yanaonekana mdomoni. Nachora mstari wa penseli ndani ya bomba pale maji yalipofikia.

Dakika 10, maji yako palepale. Dakika 20, nafikiri ni macho yangu. Dakika 30, yameshuka milimita moja.

Natambaa uvunguni na tochi. Nagusa kila ungio kwa kidole cha shahada, kavu, kavu, kavu. Kwenye wai kidole kinarudi na unyevu. Nauangalia kwa karibu: chini kabisa ya ungio kuna jasho jembamba, linakusanyika, linanenepa, linakuwa tone, linakaa pale kama haliamui, kisha linadondoka. Nahesabu. Sekunde 14, tone jingine.

Kosa ni langu. Lile ndilo ungio la kwanza nililounga asubuhi. Mabomba yalilala nje kwenye majani, na mimi niliyafuta umande kwa nje, sikuingiza kitambaa ndani ya mdomo wa wai. Gundi ya PVC haishiki plastiki yenye maji. Inaonekana imeshika, unavuta haiachi, lakini katikati kuna kijia chembamba kama unywele, na maji yanakijua.

Kijana ananiambia kwa sauti ya chini, "Dada, si tupake gundi kwa nje? Tone moja kila sekunde 14 ni kidogo sana."

Tone moja kila sekunde 14 ni matone zaidi ya 6,000 kwa siku, chini ya nyumba ya mbao, pembeni ya boriti. Ukungu unaanza, kisha kuoza, kisha mchwa wanafuata unyevu. Namwambia atoe maji yote. Tunakata.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza mama kwamba nimeharibu wai moja na vipande viwili vya bomba, na kwamba vingine nanunua kwa fedha yangu. Alinitazama kidogo akasema, "Bora umeliona leo, mwanangu."

Saa 7 na nusu mchana

Wai mpya. Jua limetoka. Nafuta ndani na nje, napitisha msasa, napaka gundi pande zote mbili, naingiza huku nikizungusha robo duara, nashika nikihesabu mpaka 30. Tunaliacha likauke. Ugali, maharage na kabichi.

Saa 9 alasiri

Wakati gundi inakauka, fremu za ukuta wa bafu. Zinasimama juu ya zege, na kwenye magogo zimefungwa kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu, ili ukuta ushuke bila kuzibeba. Juu tumeacha pengo. Zitavalishwa paneli za PVC, si marumaru. Ukuta wa magogo unaotembea haufai marumaru, hata uwe na pesa kiasi gani. Dirisha dogo la juu litabaki na wavu bila kioo upande mmoja, mvuke wa maji ya moto upate pa kutokea. Hita ya kuogea ni ya kilowati 5.5, kwa hiyo kesho fundi umeme atavuta waya wake peke yake kutoka kwenye bodi kuu, na sakiti breka yake na waya wa ardhi. Kuichomeka kwenye soketi ya ukutani ndani ya nyumba ya mbao ni kuchezea roho ya mtu.

Kabla ya kufunga paneli, naomba kiti. Nakiweka pale choo kitakapokaa, kimo kilekile.

"Babu, njoo ukae hapa. Sasa inuka kama unavyoinuka siku zote."

Anakaa, anatulia, anainuka. Mkono wa kulia unatafuta kitu hewani kabla mwili haujasogea. Namwomba arudie. Mara tatu, na mara zote tatu kiganja kinakwenda palepale. Natia alama ya penseli kwenye fremu: sentimita 71 kutoka sakafuni, na sentimita 20 mbele zaidi ya pale nilipokuwa nimepanga. Seremala anapigilia kipande cha 2 kwa 6 kati ya fremu, hapohapo, ili kishikio cha mkono cha Babu kishike mbao nzima na si paneli tupu. Babu anakigonga kwa fimbo yake mara mbili, anasema, "Hapa."

Saa 11 jioni

Tunajaza tena. Penseli. Safari hii siendi kuangalia kwanza, nasafisha vifaa, namwacha kijana ahesabu nusu saa. Anarudi anatabasamu, ila nakwenda mwenyewe. Maji yanagusa mstari. Natambaa uvunguni, kidole kwenye wai. Kavu. Vumbi tupu.

Nayaacha maji humo yalale mpaka asubuhi, mtaro ukiwa wazi. Sifukii bomba ambalo halijalala na maji usiku mzima.

Saa 3 usiku

Nipo kitandani, mgongo unaniambia habari za uvunguni. Simu inaita, ni mama.

"Fundi, samahani kwa usiku. Babu yako ametoka na tochi, nikadhani anakwenda chooni. Kumbe amekwenda kuchungulia kwenye lile bomba."

Nasikia sauti yake kwa nyuma, anamwelekeza bintiye la kusema.

"Anasema maji bado yako kwenye mstari."