Jumamosi Ambayo Kalamu Haikushuka

Jana usiku nilimnyoosha binti yangu nywele kwa draya kwa sababu leo darasa lao lilikuwa linapigwa picha. Asubuhi mvua ikaanza. Hadi anamaliza chai, nywele zilikuwa zimetimka zote, mbele na nyuma. Akasogea kwenye kioo, akajitazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Mama, nywele zangu zimekasirika?"

Sikumjibu. Chanuo kilikuwa mkononi, lakini mimi nilishafika Tanga, Ngamiani, Barabara ya 12, Aprili ya 1994.

Ilikuwa harusi ya shangazi mdogo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nami nimo katika wasichana waliomtangulia bibi harusi na vikapu vya maua. Alfajiri ya Jumamosi shangazi mkubwa alinikalisha kwenye kigoda, chini ya kibaraza cha jikoni, jiko la mkaa pembeni. Alikuwa na kitana cha chuma chenye mpini wa mbao. Akikitoa kwenye moto anakijaribu kwanza juu ya gazeti kuukuu. Gazeti likigeuka kahawia, anakipepea, anasubiri. Kisha anapaka fungu la nywele mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe na kulipitisha kitana taratibu, kutoka kwenye ngozi hadi nchani. Alipofika kando ya uso alinena neno moja tu kila mara: "Shika sikio, mwanangu." Nalikunja sikio kwa vidole, nafumba macho, nasikia joto likipita.

Alipomaliza, kwa mara ya kwanza maishani nilisikia nywele zangu mwenyewe zikinigusa shingo.

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu usiku. Akanifunga kitambaa, juu yake mfuko wa nailoni, tukaenda kanisani chini ya mwavuli wa baba. Halikunigusa hata tone moja, nina hakika. Nilivua kitambaa mlangoni, maua mkononi. Kabla padre hajafika kwenye viapo, nywele za mbele zilikuwa zimesimama, na shangazi, aliyekaa benchi la pili, ameziba mdomo kwa kiganja. Kwenye picha ya familia nipo pembeni kabisa, mkono mmoja kichwani. Usiku aliniuliza kwa upole kwa nini nilikivua kitambaa mapema. Nikalala na swali hilo. Nilijua sikukivua mapema, lakini kichwa changu kilikuwa kinashuhudia vingine.

Jumatatu tulikuwa bado likizo ya Pasaka. Baba mdogo, yule aliyefanya kazi kituo cha hali ya hewa, akanipandisha kwenye baiskeli yake hadi kituoni kwake, karibu na uwanja wa ndege. Nafikiri aliniona nilivyokuwa nakula bila hamu. Njia nzima hakuniuliza kitu.

Kwenye uwanja wa majani kulikuwa na kisanduku cheupe juu ya miguu minne, kuta zake za vipande vya mbao vilivyolazwa mshazari ili hewa ipite na jua lisiingie. Akafungua mlango. Ndani, kando ya vipimajoto, kulikuwa na rola iliyozungushwa karatasi yenye mistari, ikizungushwa na saa ndani yake, na mkono mwembamba wa chuma wenye kalamu ya wino wa zambarau. Nyuma ya mkono ule kulitandwa kitu kama nyuzi.

"Unaziona hizo? Ni nywele za watu."

Nikarudi nyuma. Akanishika bega, akanisogeza karibu.

"Hewa ikiwa na unyevu, nywele inarefuka. Ikikauka, inajivuta. Kalamu inafuata. Karatasi hii imemaliza wiki yake, naibadilisha sasa hivi. Kabla sijaitoa, zipumulie."

Nikazipumulia, polepole, mdomo wazi. Kalamu ikatulia kidogo, kisha ikapanda. Ikapanda mbele ya macho yangu, ikiacha kijistari cha zambarau kibichi, kwa pumzi yangu tu. Nilipoacha, ikaanza kushuka.

Akaichomoa karatasi, akaitandaza juu ya goti. Wiki nzima ilikuwa pale: mstari wa unyevu unapanda usiku karibu kufika asilimia 100, unashuka mchana, unapanda tena, kama mawimbi. Kidole chake kikapita Alhamisi, kikapita Ijumaa, kikasimama.

"Jumamosi yako hii hapa."

Haikushuka. Asubuhi, mchana, jioni, mstari umelala juu ya 90 bila bonde. Niliangalia saa nne, saa ya kanisa. Hata nywele zilizofungiwa kisandukuni, chini ya paa, bila tone la mvua, zilikuwa zimeusikia unyevu ule ule niliousikia mimi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba aliyetengeneza kipimo cha aina hiyo ni mwanazuoni wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, mwaka 1783, na kwamba toka hewa kavu hadi hewa iliyojaa maji unywele hurefuka kama asilimia mbili na nusu tu. Nilielewa pia kilichotokea kanisani. Ndani ya unywele kuna vishikizo vidogo sana vinavyoshika umbo lake. Joto kavu la kitana huvipanga upya, unywele unanyooka. Mvuke wa maji ukipenya huviachia, unywele unarudi ulivyozaliwa. Mafuta ya nazi huchelewesha mvuke huo, hayauzuii. Ndiyo maana siku hizi wakati wa masika binti yangu namsuka au namfunga, nazikausha kwa fulana kuukuu ya pamba badala ya taulo, na glisirini naiweka kando, maana huvuta maji kutoka hewani. Jana nilisahau yote hayo kwa ajili ya picha. Nilitaka naye asikie nywele zikimgusa shingo.

Shangazi bado yupo, Ngamiani pale pale, macho yamepungua nguvu. Sijawahi kumwambia kuhusu ile karatasi. Kila nikijaribu naikumbuka mikono yake alfajiri ile, gazeti, ule uvumilivu wote, naishia kumsalimia tu.

"Mama, zimekasirika?"

"Hazijakasirika. Zimesikia mvua."

Akafikiri. "Kwani zina masikio?"

Nikachukua mafuta, nikagawa nywele katikati ili nimfunge mabutu mawili. Nilipofika kando ya uso mdomo wangu ukasema wenyewe, ingawa hapakuwa na kitana cha moto wala jiko: "Shika sikio, mwanangu." Akalishika.